Protini zinazobuniwa kwa kompyuta: maswali kutoka barazani

Jioni moja barazani Kibokoni, Mombasa, redio ilitaja dawa ya sumu ya nyoka iliyobuniwa kwa kompyuta. Ubishi ukazuka hadi kahawa ikapoa. Maswali yaliyoulizwa ndiyo haya.

Protini si ile ya samaki na maharagwe?

Ndiyo hiyo, lakini habari yake haiishii sahanini. Hemoglobini inayobeba oksijeni ni protini, insulini inayodhibiti sukari ni protini, kingamwili, askari wa mwili, pia. Kila moja ni uzi, au nyuzi kadhaa, wa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, na aina zake ni 20 tu. Mtazame mama wa Mji wa Kale akitunga asumini: ua baada ya ua kwenye uzi mmoja. Uzi wa protini, ukishatungwa, hujikunja wenyewe ukawa na umbo lake, na umbo hilo ndilo linaloamua kazi. Selimundu, ile wengi huita sikoseli na ambayo Pwani tunaijua vyema, hutokana na asidi amino moja iliyokaa pasipo pake katika uzi wa hemoglobini wenye asidi amino 146. Mtoto akirithi kosa hilo kwa baba na kwa mama, anaugua.

Kompyuta inaingia wapi?

Kompyuta huchora tu. Mtafiti hutaja umbo analolitaka, programu ikamtafutia mpangilio wa asidi amino wa kulileta. Mpangilio huo huandikwa kuwa jeni, yaani maagizo ya kutunga protini, jeni likatiwa ndani ya bakteria, nao ndio mafundi wa kuitunga. Kubahatisha hakufai: uzi wa asidi amino 100 unaweza kupangwa kwa namna nyingi kuliko idadi ya atomu zote za ulimwengu unaoonekana. Mwaka 2003 timu ya David Baker wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, ilitoa Top7, protini yenye umbo ambalo halikuwa limeonekana katika maumbile. Mwaka 2024 Baker alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Demis Hassabis na John Jumper, ambao programu yao, AlphaFold, hutabiri umbo la protini.

Na hiyo ya nyoka ni kweli?

Kweli, ila bado iko maabara. Dawa tunayoitumia leo hutoka kwa farasi: hudungwa sumu kidogo kidogo, kisha kingamwili zake huchukuliwa kwenye damu. Huokoa maisha, lakini ni ghali, na mwili wa mgonjwa huweza kuikataa vibaya kwa kuwa ni protini ya mnyama mwingine.

Januari 2025 timu ya Baker na wenzake wa Denmark walitangaza protini ndogo walizozibuni zikumbatie sumu za jamii ya swila na koboko, zile zinazolegeza misuli hadi pumzi ikakatika. Panya waliopewa sumu hiyo kisha protini hizo walipona kwa asilimia 80 hadi 100, kutegemea dozi na aina ya sumu. Lakini sumu ya nyoka halisi ni mchanganyiko, na panya si binadamu.

Kwa nini habari hii isisimue watu wa huku?

Joto! Pasua yai kikaangoni: ute unageuka mweupe kwa sababu protini zake zimefunguka, na hazirudi tena. Ndiyo maana dawa nyingi za sumu zilizo za maji hutakiwa kukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8 za Selsiasi. Zahanati ya Kwale ikikatikiwa umeme, ni balaa. Protini nyingi za kubuniwa huvumilia joto kali. Binafsi, hilo ndilo linalonipa matumaini kuliko Nobel yenyewe.

Protini ya kubuniwa imewahi kufika kwa watu?

Ndiyo. Chanjo ya Uviko-19 iitwayo SKYCovione, iliyojengwa juu ya protini ya kubuniwa, iliidhinishwa Korea Kusini mwaka 2022. Wengine wanabuni vimeng'enya, yaani protini za kuharakisha kazi za kikemia, vya kuvunja plastiki.

Nikiumwa na nyoka leo, nifanyeje?

Usichanje, usinyonye, usikaze kamba, na jiwe la nyoka liache. Vua pete na bangili kabla mkono haujavimba. Tuliza kiungo kilichoumwa, usikimbie, nenda hospitali mara moja, nyoka usimfukuze. Boda ikiwa ndiyo usafiri pekee, mgonjwa akae katikati na mwenzake amshike kwa nyuma.