Je, wajua kwa nini anayejifunza judo huanza kwa kuanguka?

Anayekuja kujifunza judo kwa mara ya kwanza huja na hamu ya kuangusha watu. Anataka kupiga ngwala, anataka kumbeba mpinzani nyongani na kumbwaga chali. Akifika, mwalimu anamwambia achuchumae, aingize kidevu kifuani, atazame fundo la mkanda wake, kisha ajiachie aende chali. Ainuke, arudie. Kesho tena. Wiki nzima inaweza kupita hajamwangusha mtu, anajiangusha yeye mwenyewe tu: chali, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, kifudifudi, halafu kwa kubingiria begani. Wapo wanaochoka na kuondoka hapo hapo, na kila nikiona hivyo huniuma, maana wameliacha somo lenyewe wakidhani ni utangulizi.

Jibu la kwanza liko mwilini. Mtu akisukumwa kwenda nyuma, mkono wake hutangulia kumwokoa. Hakuna aliyemfundisha hivyo, amezaliwa nayo. Na mkono huo ulionyooka, uliobebeshwa uzito wa mwili mzima juu ya kiganja kimoja, ndio unaovunjika kifundo au kuteguka kiwiko. Kichwa nacho hufuata kwa nyuma na kugonga chini. Mafunzo ya kuanguka, ambayo Wajapani huyaita ukemi, huing'oa tabia hiyo na kupanda nyingine. Kidevu kinabanwa ili kisogo kisiguse mkeka. Mgongo unapindwa ili mwili utue kwa kubingiria, sehemu baada ya sehemu, kishindo kisikusanyike mahali pamoja. Mkono unapiga mkeka kwa kiganja na kigasha kwa pamoja, pembeni kidogo ya mwili, huku pumzi ikitolewa.

Lile kofi la mkeka ndilo watazamaji wanalolikumbuka, lakini kazi kubwa hufanywa na kule kubingiria. Mwaka 2007 watafiti wa Uholanzi walipima nguvu inayoifikia nyonga mtu anapoanguka kiubavu. Waliona kwamba wenye uzoefu wa judo wakianguka kwa mtindo wao, kishindo kwenye nyonga hupungua kwa zaidi ya robo kuliko wakijizuia kwa mkono, hata pale wasipoupiga mkeka.

Jibu la pili ni hofu, na hapa ndipo mazoezi yanapoanza kumgusa mtu mwenyewe. Anayeogopa kuanguka hujikaza. Mikono yake huwa migumu kama vijiti, kiuno kinabaki nyuma, vidole vinang'ang'ania vazi la mwenzake. Kwa kujikaza hivyo anakuwa mwepesi zaidi kuangushwa, kwa kuwa mwili mgumu husukumwa mzima mzima kama kabati. Tena hathubutu kushambulia. Kila shambulio katika judo ni kamari: ukiingiza nyonga yako kumbeba mtu, kwa nukta moja umesimama mguu mmoja, na yeye anaweza kukugeuzia. Aliyekwisha kuanguka mara elfu moja haioni kamari hiyo kuwa kubwa. Akishindwa anajua kitakachotokea: atapiga mkeka, atainuka, watashikana tena. Nimewaona watu wazima, wenye vyeo na heshima zao, wakichukua miezi kadhaa kukubali jambo hili dogo, la kuonekana wameanguka mbele ya wengine. Watoto hulikubali siku ile ile.

Mwanzilishi wa judo, Kano Jigoro, aliyajua haya kwa mwili wake. Alizaliwa mwaka 1860, akakua mdogo wa umbo na dhaifu, na shuleni wenye nguvu walimwonea. Ndipo alipotafuta walimu wa jujutsu, sanaa ya zamani ya mapigano ya Wajapani. Mwalimu wake wa kwanza, Fukuda Hachinosuke, hakuwa mtu wa maelezo. Kano alipomuuliza mbinu fulani inafanyikaje, alimwita karibu na kumbwaga. Alipouliza tena, alibwagwa tena. Kano alijifunza, lakini alibaki na hoja: je, hakuna njia ya kufundisha inayoeleza sababu, na isiyovunja viungo vya wanafunzi?

Mwaka 1882, akiwa na miaka 21, alifungua chuo chake katika hekalu la Eishoji mjini Tokyo. Chumba kilikuwa na mikeka 12 tu, na wanafunzi wa mwanzo walihesabika kwa vidole. Alichukua mbinu alizorithi, akazichuja. Zile za hatari aliziondoa kwenye mazoezi huru, akazihifadhi katika kata, yaani mfuatano wa mienendo iliyopangwa. Kisha akabadilisha jina. Jujutsu ina neno jutsu, lenye maana ya ufundi au mbinu. Yeye aliweka do, yaani njia: jambo ambalo mtu huligeuza kuwa mwenendo wa maisha. Kano alikuwa mwalimu kwa kazi, na kwa miaka mingi aliongoza chuo cha kuandaa walimu mjini Tokyo, kwa hiyo uamuzi huo ulikuwa wa mtu wa elimu. Misingi yake miwili hutajwa hadi leo: seiryoku zen'yo, yaani kutumia nguvu zako kwa namna iliyo bora, na jita kyoei, yaani kustawi pamoja, mimi na wewe.

Msingi huo wa pili watu huusoma ukutani na kuupita. Mkekani hauna mapambo. Judo haiwezekani kuijifunza peke yako. Unahitaji mtu akupe mwili wake uuangushe, kisha umpe wako. Anayeangusha huitwa tori, anayeangushwa huitwa uke, na baada ya dakika chache wanabadilishana. Tazama kwa karibu mikono ya tori mwema. Mkono mmoja umeshika ukosi wa mwenzake, mwingine umeshika kitambaa cha mkono karibu na kiwiko. Mwili wa uke unapaa, unapinduka, unashuka. Katika nukta ya mwisho kabisa, tori anauachia ukosi lakini kile kitambaa anakishikilia na kukivuta juu kidogo. Mvuto huo mdogo humfanya uke atue ubavuni badala ya kichwani. Watazamaji wengi hawauoni. Uke anauhisi, na ndio unaomfanya akubali kubwagwa tena na mtu yule yule. Tori asiyevuta hubaki bila wenza. Sijaona adhabu inayofundisha upesi kama hiyo.

Ishara ya kusalimu amri ina uzito huo huo. Ukipigwa kabali, au kiwiko chako kikinyooshwa hadi karibu na mwisho wake, unampiga mwenzako au mkeka kwa kiganja mara mbili. Palepale anaachia. Hakuna kuongeza kidogo, hakuna kuhakikisha. Kwa nukta hiyo mmoja alikuwa na uwezo wa kumzimisha mwenzake, naye akauweka chini kwa ishara ya kiganja. Fanya hivyo mara kadhaa kwa wiki, kwa miaka, pande zote mbili, na kitu kinajengeka ambacho hotuba haikijengi.

Sasa, je, kila anayejifunza kupigana huwa mtulivu? Hapana, na ni vizuri kulisema wazi. Mwaka 1986 nchini Marekani, mtafiti Michael Trulson alichapisha matokeo ya jaribio dogo kwa vijana wa kiume 34 waliokuwa na mwelekeo wa uhalifu, wa umri wa miaka 13 hadi 17. Kundi moja lilifundishwa taekwondo ya asili, yaani sanaa ya mapigano ya Wakorea, pamoja na kutafakari, heshima na mafundisho ya mwenendo. La pili lilifundishwa mapigano matupu. La tatu lilifanya michezo ya kawaida. Baada ya miezi sita, ukali wa kundi la kwanza ulikuwa umepungua na kujiamini kumeongezeka. Kundi la pili lilitoka likiwa kali zaidi kuliko lilivyoingia. Vijana 34 ni wachache, na mimi nisingejenga sheria juu yao. Lakini tofauti ile inafanana na ninayoiona: mateke na ngumi ni zile zile, kinachotofautiana ni kile mwalimu anachokidai kati ya teke moja na jingine. Mzazi anayemtafutia mtoto wake mahali pa kujifunza asiangalie vikombe kabatini. Akae pembeni aangalie mwalimu anafanya nini mwanafunzi mwenye nguvu anapomuumiza aliye dhaifu.

Kuhusu hasira, wenye judo hawana haja ya kuhubiriwa kwamba hasira hasara. Aliyekasirika husukuma, na msukumo wake ndio mwenzake anaoutumia kumbwaga. Anajikuta chali, anatazama dari, na hana wa kumlaumu. Akirudi na hasira zaidi, anarudi chali upesi zaidi. Mwili huelewa hesabu hiyo kabla ya akili.

Mkanda mweusi nao hueleweka vibaya. Wengi huuona kuwa mwisho wa safari, lakini daraja lake la chini huitwa shodan, yaani daraja la mwanzo. Maana yake mtu sasa anaijua misingi vya kutosha kuanza kujifunza. Ndiyo sababu katika kumbi nyingi za judo kipindi hufunguliwa kwa namna ile ile. Wote wanajipanga kwa mstari, wa mkanda mweusi na aliyefika jana, wanainamiana. Kisha wanachuchumaa, kidevu kifuani, macho kwenye fundo la mkanda, na wanajiachia.