North Carolina, 1861–1865: jimbo lililovalisha askari wake lenyewe

Aprili 1861, mizinga ilipokwisha kulia Fort Sumter, ngome ya jeshi la Marekani huko South Carolina, serikali ya Rais Abraham Lincoln iliyataka majimbo yatoe askari wa kuzima uasi wa Kusini. Gavana wa North Carolina, John Ellis, alijibu kwa telegramu kwamba kwake hapatatoka askari. Mei 20 jimbo likajitoa kwenye Muungano wa Marekani, na askari wakatoka kwa maelfu, ila wakaenda kupigana upande wa pili.

Idadi inayotajwa zaidi ni askari 125,000 hivi. Ili kuona uzito wake, rudi kwenye sensa ya 1860. Jimbo lilikuwa na watu 992,622, na kati yao 331,059 walikuwa watumwa. Wazungu hawakufika 630,000, wakiwemo wanawake, wazee na watoto wachanga. Kwa hiyo katika kila Wazungu watano, mmoja alivaa sare. Waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 33,000 na 40,000, wengi wao kwa maradhi ya kambini. Rejimenti (kikosi) ya 26 ya jimbo iliingia vitani Gettysburg, Pennsylvania, Julai 1, 1863 ikiwa na watu zaidi ya 800. Jua lilipozama, zaidi ya nusu walikuwa wameuawa, wamejeruhiwa au hawajulikani walipo. Kamanda wao aliyeuawa siku hiyo, Henry Burgwyn, alikuwa na umri wa miaka 21.

Wageni wetu wengi hutaka tuishie hapo, kwenye ushujaa. Sisi tunaoshika nyaraka huona mambo ya ghala na bohari yanaeleza vita hivi vizuri zaidi.

Kusini ililima pamba, lakini sehemu kubwa ilifumwa Uingereza na katika viwanda vya Kaskazini kama vile vya Massachusetts, jimbo ambalo wafanyabiashara wake wa Salem ndio walioileta Zanzibar ile merikani ya babu zetu. Vita vilipozuka, manowari za Kaskazini zikaziba bandari za Kusini, na majimbo yaliyojaa pamba yakakosa nguo. North Carolina ilikuwa na nafuu kidogo, kwa kuwa ilikuwa na viwanda vyake vya nyuzi na vitambaa, takriban 40. Serikali ya Shirikisho la Kusini, yaani ya majimbo yaliyojitoa, huko Richmond, Virginia, ilikuwa tayari kulilipa jimbo lolote litakalowavisha askari wake lenyewe. North Carolina ikakubali. Ikafungua karakana ya kushona sare Raleigh, mji mkuu wa jimbo, na kuvitaka viwanda vyake viiuzie yenyewe kwanza, huku maofisa ugavi wa Richmond wakitakiwa wasinunue humo.

Zebulon Vance, aliyekuwa kamanda wa Rejimenti ya 26 kabla ya kuchaguliwa gavana mwaka 1862, akaenda mbali zaidi. Alimtuma wakala Uingereza akiwa na hati za dhamana za pamba, yaani ahadi za kulipa kwa pamba. Wakala akanunua meli yenye mbio iliyoundwa Scotland, Lord Clyde, ikapewa jina jipya, Advance. Kuanzia kiangazi cha 1863 meli hiyo ilipenya mara kadhaa kati ya kisiwa cha Bermuda na Wilmington, bandari ya jimbo, ikitoka na pamba na kurudi na viatu, mablanketi, vitambaa, dawa, na pia vichanio vya mkono vya kuchambulia pamba. Vichanio havina sifa ya bunduki, lakini bila hivyo mwanamke wa kijijini hakuweza kusokota uzi, na bila uzi hakuna soksi wala shati. Kwa jicho langu, huo ndio uliokuwa mzigo wenye akili kuliko yote melini. Septemba 1864 meli ilikamatwa. Vance alilalamika kwamba manowari ya Shirikisho lenyewe ilikuwa imechukua makaa yake mazuri, ikabaki na makaa hafifu yenye moshi ulioonekana kutoka mbali.

Ugomvi huo na Richmond ulikuwa mkubwa kuliko makaa. Miaka kadhaa baada ya vita, Vance alijigamba hadharani kwamba siku ya kusalimu amri jimbo lilikuwa na sare 92,000 ghalani, nyingine zimeshonwa, nyingine bado ni vitambaa. Hesabu hiyo ni ya mwanasiasa anayejisifu, kwa hiyo ipokee kwa tahadhari. Lakini hata ukiikata nusu, swali linabaki: kwa nini zilikuwa ghalani, ilhali askari wa majimbo mengine katika jeshi la Robert E. Lee, jenerali wa Kusini, walikuwa wakitembea na matambara? Majimbo yaliyoasi kwa kudai haki ya kujiamulia yaliidai haki hiyo hiyo dhidi ya serikali waliyoiunda wenyewe.

Vijijini hali ilikuwa nyingine. Sheria ya Aprili 1862 ililazimisha wanaume wa miaka 18 hadi 35 kwenda jeshini. Oktoba mwaka huo ikatoka nyingine iliyomsamehe Mzungu mmoja katika kila shamba lenye watumwa 20 au zaidi. Wakulima wadogo wakasema hivi ni vita vya tajiri vinavyopiganwa na maskini. Mwaka 1863 ikaja kodi ya sehemu ya kumi ya mazao. Machi mwaka huo, mjini Salisbury, wake wa askari walivamia maduka na kuchukua unga kwa nguvu. Askari zaidi ya 20,000 wa jimbo hili walitoroka jeshini, na wengi walirudi nyumbani kulima.

Halafu kuna askari ambao hesabu ya 125,000 haiwagusi. Kaskazini iliteka mji wa New Bern Machi 1862, na watumwa wakaukimbilia. Humo, mwaka 1863, ikaundwa rejimenti ya kwanza ya watu weusi wa North Carolina, na hadi vita kwisha zaidi ya 5,000 walikuwa wamejiandikisha kupigana dhidi ya waliokuwa wakiwamiliki. Wazungu kadhaa nao walijiunga na Kaskazini. Februari 1864, 22 kati yao waliotekwa na Kusini walinyongwa kama watoro huko Kinston. Kwenye minara ya kumbukumbu iliyojengwa baadaye mbele ya mahakama za wilaya, watu hawa hawakuwekwa.

Januari 15, 1865 ngome ya Fort Fisher iliyolinda Wilmington ilianguka, bandari ikafungwa, na reli iliyolisha jeshi la Lee ikakosa mzigo. Lee alisalimu amri Aprili 9. Mwaka uliofuata North Carolina ikawa jimbo la kwanza la Kusini kuwapa askari wake wa zamani viungo bandia. Waliokatwa miguu walipewa tiketi za treni kwenda Raleigh kupimwa, na ambaye kiungo hakikumfaa alilipwa dola 70 kwa mguu au 50 kwa mkono.