Marco Polo Hakuleta Aiskrimu, wala Homa Haitoki Humo

Jumapili jioni pale Jomo Kenyatta Sports Ground, Kisumu, kengele ya muuza aiskrimu ikilia tu, kuna mama atamkemea mtoto: "Utashikwa na homa!" Mimi mwenyewe nimelelewa na kemeo hilo. Lakini mafua ni kazi ya virusi, na virusi hupitia mkono, chafya na pumzi ya mwenzako. Hata mtoto aliyetolewa mafindofindo hospitalini, mara nyingi huambiwa ale aiskrimu.

Cha kuogopa ni stima kupotea. Aiskrimu iliyoyeyuka ikagandishwa tena si ya kuaminiwa, maana baridi ya friza haiui bakteria wote, wengine huwalaza tu. Chengachenga za barafu ulimini huwa dalili.

Wengine hudhani koni ilizaliwa kwenye maonyesho ya St. Louis, Marekani, mwaka 1904. Huko ilipata umaarufu tu. Agnes Marshall wa London alikuwa ameshaichapisha katika kitabu chake cha mapishi cha mwaka 1888.

Inayoniudhi zaidi ni hadithi ya Marco Polo, msafiri wa Venice, kwamba alitoa aiskrimu China akaipeleka Italia. Kitabu cha safari zake hakina aiskrimu. Wa pili kupewa sifa za bure ni Catherine de' Medici, Mwitalia aliyekuja kuwa malkia wa Ufaransa, eti aliingia nayo Ufaransa alipoolewa mwaka 1533. Hadithi hiyo ilianza kuvuma karne ya 19, bibi harusi akiwa kaburini miaka mingi.

Mwenye sifa ni chumvi. Maziwa yenye sukari hayagandi kwenye sifuri, kwa hiyo ukiyazungushia barafu tupu utangoja mpaka kesho. Nyunyiza chumvi: barafu inaanza kuyeyuka, na ili iyeyuke inanyonya joto la kilicho karibu nayo. Mchanganyiko huo unaweza kushuka hadi nyuzi 21 chini ya sifuri. Ibn Abi Usaybi'a, tabibu wa Damascus, aliandika juu ya kupoza maji kwa aina ya chumvi, naye alifariki mwaka 1270, Marco Polo akiwa bado hajaondoka Venice! Nancy Johnson wa Marekani alipopata hataza (haki ya uvumbuzi) ya mashine ya kuzungusha kwa mkono mwaka 1843, bado barafu na chumvi ndizo zilizofanya kazi.

Nimeijaribu nyumbani kwa barafu ya kuhifadhia samaki, niliyonunua Dunga, ufukweni hapa Kisumu. Maziwa, sukari na vanila kwenye mfuko mdogo uliofungwa kabisa; huo ndani ya mkubwa wenye barafu na viganja viwili vya chumvi. Shika kwa taulo, la sivyo vidole vitakuuma, kisha utikise kama dakika kumi. Ukionja ukakuta chumvi, mfuko wa ndani umevuja. Wangu wa kwanza ulivuja.