Bei za nyumba zikishuka, anayenunua nyumba ya kwanza anafaidika kweli?

Vijana wengi wa Dar wanaolipa kodi ya miezi sita kwa mpigo huko Sinza au Tabata wana ombi moja tu, bei za nyumba zishuke na wao wapate. Ni ombi la haki kabisa. Ila bei kushuka ni kitu kimoja na mtu kuweza kununua ni kitu kingine, na hivi viwili watu wanavichanganya sana.

Tupige hesabu. Chukua nyumba ya mil 80 kule Kigamboni, benki inataka kianzio cha asilimia 10, yaani unatoa mil 8 mfukoni, zile 72 unakopeshwa kwa miaka 20 kwa riba ya asilimia 16 (kwetu riba za mikopo ya nyumba zimekuwa zikicheza kwenye 15 mpaka 19 huko). Marejesho yanakuja kama milioni moja kila mwezi. Sasa bei ishuke kwa asilimia 20, nyumba iwe mil 64, kila kitu kingine kibaki vilevile, marejesho yanakuwa kama laki nane. Nafuu ipo, siwezi kubisha. Lakini angalia hii: bei ingebaki ileile mil 80 halafu riba ndio ishuke kutoka 16 mpaka 12, marejesho yangekuwa laki nane hiyohiyo, tena kasoro kidogo. Yaani pointi nne za riba zina uzito sawa na bei kushuka kwa asilimia 20, na zaidi, maana riba ikishuka hakuna aliyefilisika wala aliyepoteza thamani ya nyumba yake. Halafu kwa mtumishi wa umma kuna ile moja ya tatu ya mshahara ambayo lazima ibaki mkononi baada ya makato, kwa hiyo hata hiyo laki nane inataka mshahara usiopungua mil 1 na laki 2, na hapo usiwe na mkopo mwingine wowote.

Nimesema "kila kitu kingine kibaki vilevile" na hapa ndipo penye shida yenyewe, kwa sababu bei za nyumba huwa hazishuki peke yake. Mara nyingi zinashuka kwa sababu hela imepungua mtaani. Wa Dar tunakumbuka 2016 na 2017, kipindi cha vyuma vimekaza, serikali imetangaza kuhamia Dodoma, mabango ya nyumba inauzwa na inapangishwa kibao Masaki, Oysterbay mpaka Mikocheni, wenye nyumba wanapunguza bei. Je, vijana walinunua? Wengi hawakuweza, maana kipindi hichohicho mikopo chechefu (ile ambayo wakopaji wameshindwa kuirejesha kwa wakati) ilipanda mpaka ikavuka asilimia 10 ya mikopo yote ya mabenki, na benki ikishaumwa na mikopo ya zamani inakuwa kali kwa mkopaji mpya. Benki Kuu ilibidi ishushe riba yake kwa mabenki mwaka 2017, kutoka 16 mpaka 12 mwezi Machi na baadaye 9 mwezi Agosti, ili hela itembee tena.

Benki ikiwa na wasiwasi cha kwanza inachofanya ni kuongeza kianzio. Ile nyumba ya mil 64 ukiambiwa ulete asilimia 30, ni mil 19 na laki mbili taslimu, wakati mwanzo nyumba ilipokuwa ghali ulitakiwa mil 8 tu! Nyumba imeshuka bei ila mlango wa kuingilia umepanda, na mtu ambaye hajawahi kuwa na nyumba hana ya kuuza ili apate hicho kianzio.

Marekani waliona haya wazi kabisa. Baada ya msukosuko wa 2008 bei zilianguka vibaya, lakini kaya za watu wa chini ya miaka 35 zenye nyumba zao zilipungua, kutoka kama asilimia 43 mwaka 2004 mpaka karibu 35 mwaka 2016. Ireland nako bei zilishuka kama nusu kati ya 2007 na 2013, ila mwaka 2012 ukosefu wa ajira ulikuwa unakaribia asilimia 15, sasa mtu kibarua kimeota nyasi hiyo nusu bei atailipa na nini? Wanaookota nyumba kipindi kama hicho ni wenye cash, ambao wengi wao tayari wana nyumba mbili tatu.

Na kuna wale walionunua mwaka mmoja kabla ya bei kuanguka, hawa ndio wananiuma zaidi. Wanadaiwa mil 72 kwa nyumba ambayo sokoni sasa ni 64. Akihamishwa kikazi hawezi kuuza, maana hata akiuza bado benki inamdai.

Halafu tukumbuke Dar wengi wetu hatununui nyumba iliyokamilika, tunanunua kiwanja, tunanyanyua boma, tunapaua, tunahamia madirisha hayajaisha. Bei ya apatimenti za Masaki ikianguka haishushi bei ya mfuko wa saruji, nondo wala bati pale Goba au Chanika.

Kushuka kunakomsaidia mnunuzi wa kwanza kupo, ni kule kunakotokana na nyumba na viwanja kuwa vingi huku ajira za watu ziko palepale. Kunaletwa na vitu kama daraja la Kigamboni lililofunguliwa 2016, viwanja vilivyopimwa na vyenye hati, barabara na maji kufika Kibada na Tuangoma kabla watu hawajajenga, na benki kupata hela za muda mrefu za kukopesha, kazi ambayo TMRC, kampuni inayozikopesha benki hela za mikopo ya nyumba, iliundwa mwaka 2010 kuifanya. Kwa hiyo ukisikia bei zimeshuka, kabla hujashangilia ulizia benki yako mambo matatu: kianzio sasa hivi ni asilimia ngapi, riba ni ngapi, na wanakopesha kwa miaka mingapi.