"Its" haina ritifaa, na dhana potofu za vimilikishi vya Kiingereza

Wiki hii nimerudishiwa ripoti niliyokwisha kuihariri. Mteja alikuwa ameandika "The committee has finished it's work." Nikaiondoa ritifaa, yaani ile alama ya ('). Akairudisha kwa wino mwekundu, na pembeni akaandika: "Umesahau alama ya kumiliki, kazi ni ya kamati." Kazi ni ya kamati kweli, hapo hatugombani. Lakini ritifaa haina nafasi pale, na kwa kuwa nimelieleza jambo hili kwa mdomo mara nisizoweza kuhesabu, leo naliandika.

Dhana: Neno likionyesha umiliki, sharti liwe na ritifaa

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, maana anayeishikilia huwa ni mtu aliyesoma. Alifundishwa kwamba "the teacher's book" ni kitabu cha mwalimu, akatoka darasani na kanuni kuwa ritifaa ni alama ya umiliki, na tangu siku hiyo huibandika kila panapotajwa mwenye mali. Kanuni hiyo ni nusu. Ritifaa na "s" hupachikwa kwenye nomino. Viwakilishi nafsi vina maumbo yake vyenyewe ya kumilikisha: my, your, his, her, its, our, their. Nomino ikiachwa, yanakuwa mine, yours, his, hers, ours, theirs. Yapitie herufi kwa herufi, hutakuta ritifaa hata moja. Sijawahi kuona mtu akiandika "hi's book". Basi "its" iweke ukoo mmoja na "his", na "teacher's" iache kwenye ukoo wa nomino.

"It's" ni "it is" au "it has" iliyofupishwa, basi. Ritifaa imekaa mahali pa herufi zilizodondoshwa. Chukua sentensi ya mteja wangu uisome kwa kirefu: "The committee has finished it is work." Imevunjika, sikio lenyewe linakataa. Sasa soma "It's late": "It is late." Inapita. Jaribio hili halimalizi hata sekunde mbili na halijawahi kuniangusha. Kabla hujatuma waraka wowote, itafute kila "it's" iliyomo, uisome kwa kirefu moja baada ya nyingine. Usiikabidhi kazi hii kwa simu. Maneno yote mawili ni halali, kwa hiyo kisahihishi mara nyingi hupita bila kusema kitu, na wakati mwingine huiweka ritifaa chenyewe.

Wapo wanaoniletea hoja ya historia, na hiyo naipokea kwa heshima. "Its" ni neno changa. Lilianza kuonekana mwishoni mwa karne ya 16. Kabla ya hapo "his" ilibeba hata vitu visivyo na jinsia. Katika Biblia ya Mfalme James ya 1611, chumvi iliyoharibika imepoteza "his savour", na Walawi 25:5 ilichapwa mwanzoni kwa "it" tupu mahali ambapo matoleo ya baadaye yaliweka "its". Neno lilipoingia, wengi waliliandika kwa ritifaa. Katiba ya Marekani ya 1787, Ibara ya 1, kifungu cha 10, imeandikwa "it's inspection Laws". Yote hayo ni kweli. Ila wakati ule tahajia ilikuwa bado haijatulia, na kwa neno hili imeshatulia tangu karne ya 19. Anayesoma barua yako ya kuomba kazi leo atahesabu kosa.

Jaribio hilohilo hutatua "who's" na "whose", "you're" na "your", "they're" na "their". Na tukiwa hapo: "whose" si ya watu peke yao. "A house whose roof leaks" ni Kiingereza safi.

Dhana: "His" na "her" hufuata kinachomilikiwa

Hii inatoka moja kwa moja kwenye Kiswahili chetu, kwa hiyo siwalaumu sana. Tunasema kitabu chake, nyumba yake, gari lake. Kiambishi kinafuata ngeli ya kitu, na mzizi -ake haujali kama mwenyewe ni mwanamke au mwanamume. Kiingereza hakitazami kitu, kinamtazama mwenyewe. "She loves her father": baba ni mwanamume, lakini mwenye baba ni mwanamke, kwa hiyo "her". Ukiandika "She loves his father" umemwingiza mtu wa tatu, na msomaji ataanza kumtafuta ni nani. Weka kidole juu ya mwenye mali kabla ya kuchagua neno.

Dhana: "A friend of mine" ni kosa kwa sababu inamilikisha mara mbili

Si kosa, na wala si lugha ya mitaani. Isitoshe, umbo hili hufanya kazi ambayo Kiswahili huiachia muktadha. Tunaposema "picha ya baba", huenda baba ndiye aliyepigwa picha, au picha ni mali yake tu. Kiingereza hutenganisha: "a picture of my father" ina sura ya baba ndani yake, "a picture of my father's" ni mali ya baba, hata kama imechorwa mlima. Anayeifuta hiyo "s" ya mwisho amebadilisha habari nzima.

Nyingine, kwa haraka

Kwamba vitu visivyo na uhai havipewi ritifaa na "s": "today's news" na "two weeks' leave" zinatosha kujibu. Kwamba umiliki wa jina linaloishia na "s", kama James, lazima uandikwe kwa njia moja tu: bustani ya London ni St James's Park, uwanja wa mpira wa Newcastle ni St James' Park, na zote mbili ni sahihi. Chagua njia moja ushikamane nayo ndani ya waraka mmoja. Kwamba "their" kwa mtu mmoja ni uzushi wa juzi: imetumika hivyo tangu karne ya 14, na sisi wenye "yake" isiyobagua jinsia tungepaswa kuwa wa kwanza kuielewa.

Imebaki "my wife and I's house", ninayokutana nayo hata kwa watu wanaoandika vizuri. "I's" haikubaliki katika maandishi rasmi. "My wife's and my house" inakubalika, ila inakwama mdomoni. Nyumba ni yenu wote wawili, na kama mke wako ameshatajwa kwenye sentensi iliyotangulia, andika "our house".