Kuwalisha Ayala wa Mwituni Nje ya Msimu wa Uwindaji: Madhara ya Lundo la Mahindi

Kila mwaka, msimu wa kuwinda kwa bunduki unapomalizika katika jimbo la Michigan nchini Marekani na theluji inapoanza kufika magotini, wataalamu wa afya ya wanyamapori hupokea swali lilelile. Anayeuliza amewaona ayala wamesimama nyuma ya nyumba yake, mbavu zinahesabika, wanatafuna vijiti vikavu, naye anataka kujua awamwagie mahindi kiasi gani. Mara nyingi magunia mawili ameshayanunua na yapo kwenye gari. Swali hilo linatoka kwenye moyo mwema, na kwa sababu hiyo ni zito kulijibu, kwa kuwa jibu letu ni kwamba asimwage hata debe moja. Makala hii inaeleza sababu, na imeandikwa hasa kwa Waswahili waliohamia huko, wakiwemo wengi waliotoka Kongo na kuweka makazi Grand Rapids na Lansing, ambao wanakutana na mnyama huyu kwa mara ya kwanza.

Neno ayala wasomaji wengi wamelikuta katika Zaburi ya 42, pale mnyama huyu anapoionea shauku mito ya maji. Wapo wanaomwita kulungu, ila kulungu wa misitu ya Afrika Mashariki ni mwingine kabisa; yeye ni wa ukoo mmoja na pofu na tandala, na pembe za dume lake hukaa kichwani maisha yake yote. Ayala dume huangusha pembe zake kila mwaka, kwa kawaida kati ya Desemba na Machi, kisha huota nyingine majira ya kuchipua. Tunayemzungumzia hapa ni ayala wa mkia mweupe, ambaye anapatikana karibu kila kona ya Michigan, mashambani na hata pembezoni mwa miji.

Ni muhimu pia kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa. Chambo ni chakula kinachowekwa wakati wa uwindaji ili mnyama asogee karibu na bunduki au upinde. Kulisha kwa nyongeza ni kuweka chakula nje ya msimu huo, kwa nia ya kumvusha mnyama kwenye baridi, kumnenepesha, kumkuzia pembe, au kumtazama tu dirishani. Nia zinatofautiana, lakini tumbo la ayala na vijidudu vya magonjwa havijui nia.

Tuanze na tumbo. Ayala hucheua kama mbuzi, na aliyewahi kufuga mbuzi ana nusu ya maarifa yanayohitajika hapa. Mbuzi akivunja mlango wa ghala usiku na kula mahindi makavu hadi alfajiri, mfugaji hamkuti akiwa ameshiba na kuridhika. Humkuta amelala ubavu, tumbo limevimba, anasaga meno, anaharisha, na pengine jioni haimkuti. Sababu ni kwamba mnyama anayecheua hameng'enyi chakula chake peke yake. Ndani ya tumbo lake kubwa la kwanza wanaishi bakteria na viumbe vingine vidogo mno, na hao ndio wanaovunjavunja kile alichokula. Majira ya baridi ayala hula vichipukizi vya miti, magome na majani ya mierezi, na viumbe hao wa tumboni hubadilika taratibu hadi wakawa hodari wa kazi hiyo ngumu ya kuvunja nyuzinyuzi. Mabadiliko hayo huchukua majuma kadhaa. Akimwagiwa mahindi ghafla mwezi Februari, wanga mwingi huingia mahali pasipo na wa kuushughulikia ipasavyo, bakteria wachache wanaoupenda wanga wanazaliana kwa kasi, asidi inapanda, bakteria wa nyuzinyuzi wanakufa, na asidi ileile inaanza kuunguza kuta za tumbo na kuingia kwenye damu. Ayala anaweza kufa ndani ya siku moja hadi tatu.

Tunapompasua ayala aliyekufa hivyo, harufu ndiyo inayotangulia kueleza: ni kama togwa iliyochacha kupita kiasi. Tumbo limejaa maji ya kijivu, na ndani ya maji hayo punje za mahindi zinaelea zikiwa nzima, nyingine zimevimba. Utando wa ndani, ambao kwa mnyama mwenye afya unafanana na taulo nene jeusi, unabanduka vipande kwa kuguswa na kidole. Kisha tunaupasua mfupa wa paja. Uboho wa mnyama aliyekufa kwa njaa huwa mwekundu na unateleza kama jeli, kwa sababu mwili umekula hata akiba hiyo ya mwisho. Uboho wa huyu mara nyingi ni mweupe na mgumu kama samli iliyoganda, maana yake alikuwa bado ana akiba ya kumvusha majuma mengi. Njaa haikumuua.

Hapa ndipo macho yetu yanapotudanganya, kwa kuwa tunamhukumu ayala kwa kipimo cha mbuzi wa nyumbani. Ayala wa kaskazini ameumbwa kukonda wakati wa baridi. Kiangazi na majira ya majani kupukutika hula kokwa za mialoni, matufaha ya mwituni na majani mabichi hadi anajaa mafuta chini ya ngozi na kuzunguka figo. Baadaye huvaa manyoya mazito ya kijivu yenye uwazi ndani, yanayozuia joto kutoka kiasi kwamba theluji hukaa mgongoni mwake bila kuyeyuka. Ikifika Januari hupunguza mwendo, hukusanyika chini ya mierezi na misonobari ambako upepo umevunjika na theluji si ya kina, na huishi kwa kuchoma mafuta yake kidogo kidogo. Anaweza kupoteza robo ya uzito wake akaifikia Aprili salama. Hata ayala wanaofugwa, walioachiwa chakula tele mbele yao, hupunguza kula wenyewe katika miezi hiyo. Lundo la mahindi linamtoa kwenye kivuli cha mierezi, linamtembeza kwenye theluji nzito kwenda na kurudi, mara nyingi akivuka barabara, na kumlia mafuta yaleyale ambayo mwenye lundo alitaka kuyaokoa. Akifika hapo, madume na majike wakubwa hula kwanza na kuwapiga kwato wadogo. Watoto wa mwaka huo, ambao ndio waliotutia huruma, husubiri pembeni na kuambulia mabaki yaliyokanyagwa na kulambwa na wengine.

Mabaki hayo yaliyolambwa yanatupeleka kwenye jambo zito kuliko yote. Msituni ayala hula akitembea: anauma kichipukizi hapa, anapiga hatua tatu, anauma kingine. Ni nadra kwa midomo miwili kufika kwenye kijiti kimoja. Lundo linageuza desturi hiyo, linaikusanya midomo ya mbali mahali pamoja, siku baada ya siku, pua zikigusana na mate yakidondoka kwenye chakula kitakacholiwa na mwingine.

Michigan ililijua hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1994 mwindaji katika kaunti ya Alpena, kaskazini mashariki mwa Rasi ya Chini, yaani sehemu ya kusini ya jimbo, alimwangusha ayala ambaye kifuani mwake kulikuwa na vivimbe, na vipimo vikaonyesha kifua kikuu cha ng'ombe. Wengi katika taaluma hii waliamini kwamba ugonjwa huo hauwezi kudumu miongoni mwa ayala wa mwituni pasipo ng'ombe wagonjwa karibu yao. Uchunguzi wa mwaka 1995 katika kitovu cha eneo hilo ulikuta maambukizi kwa karibu ayala 5 katika kila 100. Ilipotafutwa sababu, ilionekana kwamba kwa miaka mingi vilabu vya uwindaji na wenye mashamba walikuwa wakimwaga karoti, matufaha, mahindi na viazi vya sukari kwa malori, ili ayala wengi kuliko uwezo wa msitu wavuke majira ya baridi. Mwaka 1998 ugonjwa ulipatikana kwenye ng'ombe, na mwaka 2000 jimbo likapoteza hadhi yake ya kutokuwa na kifua kikuu cha ng'ombe, hali iliyowaletea wafugaji vipimo, vizuizi vya kusafirisha mifugo na kuchinjwa kwa makundi mazima. Majaribio ya maabara yalionyesha baadaye kwamba bakteria wa ugonjwa huu huishi juu ya vyakula hivyo si chini ya siku 7, na juu ya baadhi yake, mahindi na matufaha yakiwemo, hata siku 112. Baridi haiwaui, inawahifadhi.

Ugonjwa wa pili hauna hata bakteria. Ni ugonjwa sugu wa kukondesha, unaosababishwa na prioni, yaani protini iliyojikunja vibaya na kuzikunja nyingine hadi ubongo unatobokatoboka kama sifongo. Ulionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1967 kwa ayala waliokuwa wakifugwa kwa utafiti huko Fort Collins, Colorado. Hauna chanjo wala dawa, na kila anayeupata hufa. Mgonjwa huonekana mzima kwa mwaka na zaidi huku akitoa prioni kwenye mate, mkojo na kinyesi, na prioni hizo hudumu kwenye udongo kwa miaka. Kwa hiyo mahali palipokuwa na lundo hubaki na hatari hata baada ya punje ya mwisho kuliwa. Michigan iliuthibitisha kwa ayala wa mwituni mwaka 2015, katika kitongoji cha Meridian, jirani na Lansing. Hakuna binadamu aliyethibitika kuambukizwa, hata hivyo mamlaka za afya zinashauri nyama ya mnyama aliyethibitika kuwa na ugonjwa huu isiliwe, nasi tunawasihi wawindaji wapeleke kichwa kipimwe kabla familia haijaanza kuila nyama hiyo.

Msomaji makini anaweza kuuliza mbona serikali yenyewe inalisha. Ni kweli. Mwaka 1912 ilianzishwa hifadhi ya taifa ya wapiti, ndugu wakubwa wa ayala, karibu na mji wa Jackson, Wyoming, baada ya mji na mashamba kuziba malisho yao ya baridi na maelfu kufa njaa. Zaidi ya miaka 100 baadaye bado ni vigumu kuacha, kwa kuwa vizazi na vizazi vya wanyama vimezoea kuja hapo, na wafugaji wa jirani wanahofia nyasi zao. Mwaka 2020 ugonjwa wa kukondesha ulithibitishwa kwa wapiti katika Hifadhi ya Taifa ya Grand Teton, inayopakana nayo. Kwa maoni yangu, mfano huo unapaswa kumtisha anayetaka kuanza, si kumpa ruhusa.

Kisheria, tangu mwaka 2019 Michigan imepiga marufuku kuweka chambo na kuwalisha ayala katika Rasi nzima ya Chini, isipokuwa ruhusa finyu kwa baadhi ya wawindaji wenye ulemavu, na katazo hilo linahusu pia vitalu vya chumvi na madini ambavyo watu huviweka majira ya kuchipua wakitaraji pembe kubwa. Chakula cha ndege kiwekwe juu, ayala wasipofikia. Rasi ya Juu, sehemu ya kaskazini ya jimbo, ina masharti yake ya kiasi, mahali na tarehe. Kanuni hizi hujadiliwa na kubadilishwa mara kwa mara, hivyo soma kijitabu cha mwaka husika cha idara ya maliasili ya jimbo. Usitegemee alichokuambia muuza mahindi, kwani gunia linauzwa kihalali hata pale ambapo kulimwaga ni kosa.

Aliyekwisha kumwaga mahali palipokatazwa aache leo, akusanye kilichobaki kwa reki, akitie kwenye mfuko wa taka na kuufunga. Palipo na ruhusa, anayeamua kuacha katikati ya baridi apunguze kidogo kidogo kwa majuma mawili au matatu, chakula kikitawanywa mahali papana pasipofanya lundo, ili matumbo yarudi kwenye vichipukizi. Mbwa wafungwe na magari ya theluji yasipite kwenye misitu ya mierezi, kwa maana kila mbio anazokimbizwa ayala mwezi Februari zinachoma mafuta ambayo hatayapata tena hadi Mei. Ukimwona ayala anayedondosha udenda, aliyeinamisha kichwa na asiyeogopa watu, usimsogelee wala usiguse mzoga wake kwa mikono mitupu. Toa taarifa kwa idara hiyo, ukieleza mahali na saa.

Mwenye kipande cha ardhi ana uwezo mkubwa zaidi. Mierezi iachwe isimame. Mialoni na matufaha vipandwe, vizungushiwe uzio wa waya hadi vikue. Katika msimu halali, majike nao wawindwe kwa leseni, ili Januari iwakute ayala wanaotoshana na msitu. Na katikati ya majira ya baridi, pale ambapo miti ya mepo (maple) au ya jamii ya mpopla inahitaji kupunguzwa, ikatwe wakati huo badala ya kiangazi, na matawi ya juu yaachwe chini yalipoangukia. Sauti ya msumeno haiwafukuzi kwa muda mrefu. Kesho yake asubuhi theluji inayozunguka matawi huwa imejaa nyayo zilizosambaa upana wa kiwanja cha mpira, kila mnyama kwenye tawi lake, na ncha za vijiti zimekatwa zikaacha nyuzi, kwa sababu ayala hana meno ya mbele ya juu na hulazimika kuzivuta ili zikatike.