Kurejesha barabara ya mgodi wa makaa ya mawe: maana yake hasa

Ukisikia mtu anasema mgodi "umekarabati" barabara zake, muulize kwanza: umezitengeneza zipitike, au umezifuta? Kwetu Dar es Salaam kukarabati barabara ni greda kupita, kifusi kumwagwa na mashimo kuzibwa. Katika mambo ya madini neno hilohilo mara nyingi hubeba maana ya kinyume: barabara inaondolewa, mteremko unarudishwa ulivyokuwa, na ardhi inaota tena. Ndiyo maana hapa nitasema kurejesha, yaani kuifanya ardhi iliyokuwa barabara ifae tena kwa shamba, malisho au msitu.

Barabara yenyewe ni ipi? Ni kila njia iliyochongwa kwa sababu ya mgodi. Ipo inayotoka barabara kuu hadi getini, inayoshuka shimoni, inayokwenda kwenye lundo la mawe taka, hata kile kijia cha kupeleka mtambo wa kuchoronga miamba kabla mgodi haujaanza. Makaa ya mawe ya Tanzania yako mbali na pwani: Ngaka wilayani Mbinga, Kiwira huko kusini-magharibi, Mchuchuma wilayani Ludewa. Ni nchi ya milima. Mvua zake ni za msimu mmoja mrefu, si vuli na masika kama zetu. Barabara ikikatwa vibaya ubavuni mwa mlima, inakaa miezi kadhaa mfululizo ikipokea maji.

Sasa tuone ukubwa wa jambo. Kanuni ya kawaida ya wahandisi ni kwamba barabara ya malori ya mgodini yanayopishana iwe na upana wa kama mara tatu na nusu ya upana wa gari kubwa kuliko yote yanayopita. Lori la mita 3 linahitaji mita 10 na ushee. Barabara ya namna hiyo yenye urefu wa kilomita 4 inakula hekta 4, ambazo ni kama ekari 10, na hapo sijahesabu mitaro wala kingo zilizochongwa. Kwa mkulima wa Mbinga, ekari 10 ni maisha ya familia zaidi ya moja.

Kazi ya kurejesha inaanza siku ya kwanza ya kujenga. Watu wengi hawalijui hili, nami nalihesabu kuwa ndilo jambo kubwa kuliko yote. Kabla kijiko hakijagusa chochote kingine, udongo wa juu unakwanguliwa na kuwekwa kando. Ndio wenye mbolea, mbegu na vijidudu vinavyoupa uhai. Ukichukua sentimita 20 tu juu ya hekta 4 unapata mita za ujazo 8,000, sawa na safari 800 za tipa la mita za ujazo 10. Lundo hilo halirundikwi kama mlima, kwa sababu udongo uliofukiwa chini sana unakosa hewa na kufa. Linapandwa nyasi lisisombwe. Mgodi ukiuzika udongo huo chini ya kifusi, miaka ishirini baadaye hakuna pesa itakayouchambua urudi.

Baada ya udongo ni maji. Yeyote anayekaa Goba au Mbezi kwenye miteremko anajua barabara ya udongo inavyokufa. Haiuawi na magari. Maji yanakosa mtaro, yanafuata alama ya tairi, alama inakuwa mfereji, na masika ikiisha mfereji umekuwa korongo la kumeza pikipiki. Barabara ya mgodini ni hivyohivyo, ila gari lake lina uzito wa makumi ya tani. Kwa hiyo katikati inainuliwa kidogo maji yaende pembeni, mitaro inachimbwa, kalavati zinawekwa kila bonde linapokatwa, na maji yenye tope yanapitishwa kwenye bwawa la kutuamisha kabla hayajafika mtoni. Mwinuko nao una mpaka wake, na wengi hujitahidi usizidi mita 1 kwa kila mita 10 za mwendo. Ukingoni penye poromoko linawekwa tuta lisilopungua nusu ya kimo cha tairi la lori kubwa kuliko yote, na kiangazi boza linapita kumwaga maji vumbi litulie.

Makaa yana sumu yake ambayo changarawe ya kawaida haina. Mawe yanayozunguka makaa mara nyingi yana madini ya salfa na chuma. Yakivunjwa na kukutana na hewa na maji, yanatoa tindikali. Yapo bure, yako karibu, na mtu mwenye haraka ataona ni kifusi kizuri cha barabara. Akiyatandaza, amejenga kilomita nzima za chanzo cha tindikali, na kila mvua itaipeleka kijitoni. Sheria ya Marekani ya mwaka 1977 kuhusu uchimbaji wa makaa ya juu ya ardhi, pamoja na kanuni zake, inakataza mawe ya aina hiyo kutumika kutandaza barabara za migodi. Inadai pia kila barabara irejeshwe mgodi ukiisha, isipokuwa ile iliyoidhinishwa kubaki kwa matumizi ya baadaye. Kwetu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inautaka mgodi ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, na Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inatoa nafasi ya kudai dhamana ya fedha kwa ajili ya kuirejesha ardhi.

Kurejesha kwenyewe ni kurudi nyuma hatua kwa hatua. Njia inafungwa, kalavati na madaraja yanang'olewa, mabonde yanafunguliwa maji yapite yalipokuwa yakipita. Kifusi kilichosukumwa chini ya mlima kinavutwa juu kujaza ule mkato. Kisha inakuja kazi inayorukwa mara nyingi, kuchana ardhi iliyoshindiliwa.

Nililielewa hili shambani kwa shangazi yangu, Chanika. Malori ya mchanga yalipita pembeni mwa shamba lake kwa misimu kadhaa, halafu yakaacha. Nyasi ziliota, tukadhani pamepona. Shangazi akapanda mihogo moja kwa moja hadi pale. Upande wa shamba la zamani iliota ikatuzidi kimo. Kwenye ule ukanda wa malori ilifika kiunoni ikadumaa. Tulipoing'oa, viazi vyake vilikuwa vyembamba, vimelala ubavu kama vidole vilivyokosa pa kuingia. Nikapiga jembe, likaruka na mlio wa kugonga jiwe, na jiwe halikuwepo. Tulilazimika kutumia sururu. Na hayo yalikuwa malori ya mjini tu. Mgodini buldoza huburuta meno marefu ya chuma, yakaipasua ardhi kwenda chini nusu mita au zaidi, na ndipo udongo wa juu unatandazwa na mbegu kupandwa. Udongo mzuri ukimwagwa juu ya sakafu ngumu, mvua kubwa ya kwanza itauteremsha wote.

Si kila barabara lazima ifutwe. Kijiji kilichokuwa kinambeba mgonjwa kwa machela kina haki ya kuomba njia ibaki, nami naona ombi hilo lisikilizwe mapema, mgodi ungali na mitambo. Lakini liandikwe: nani ataizibua kalavati kila mwaka, ni halmashauri, ni TARURA (wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini), ni kijiji? Barabara iliyoachwa bila mwenyewe haikurejeshwa na wala haikubaki.

Anayetaka kujua kama kazi imefanyika asikague siku ya makabidhiano, nyasi zikiwa mbichi na mabango yamesimama. Aende baada ya misimu miwili ya mvua, na kipande cha nondo mkononi. Akichome pale barabara ilipopita, kisha akichome hatua kumi pembeni, alinganishe kinavyozama. Halafu ashuke hadi kijitoni, achote maji, ayatazame.